Kilo Sita za Eustakia

Barua ya wakubwa wa shirika la masista ilisema wazi, tena kwa herufi za mashine: visiletwe vitu vya sufi, vya ngozi wala vya majani, kwa kuwa nchi ile ni ya joto na unyevunyevu, na vitu vya namna hiyo huota ukungu kabla mwezi haujaisha. Eustakia alisomewa barua hiyo kwa simu mara tatu, na mara zote tatu aliitikia ndiyo, ndiyo, nimesikia. Halafu akaweka simu chini, akarudi kwenye mkeka wake, akaendelea kusuka kikapu cha majani.

Msimcheke. Au mcheke kidogo tu, maana hata yeye kuna wakati alisimamisha sindano akajicheka mwenyewe. Lakini kwanza mjue kikapu kile kilikuwa cha nini.

Eustakia ni mjane wa marehemu Telesfori, hapa Kasulo, mama wa watoto watano, umri wake miaka sabini na mmoja, mtu wa maharage, migomba na vidonge vya presha. Kwa kina mama wa upande wetu huu wa Ngara, binti haondoki kwao mikono mitupu. Siku ya kuolewa anatoka na kikapu chenye kifuniko kirefu kilichochongoka, alichosukiwa na mama yake, na ndani yake mna mbegu za maharage, mtama na ulezi kidogo, zilizochaguliwa punje kwa punje. Juu ya hapo anapewa blanketi. Asianze maisha kwa kuazima mbegu kwa mama mkwe, wala asilale na baridi katika nyumba asiyoizoea. Mabinti wawili wakubwa wa Eustakia walitoka hivyo, mmoja akaenda Nyabusozi huko Biharamulo, mwingine akaolewa karibu na mjini Ngara, na vikapu vyao vipo mpaka leo.

Wa tatu, Bonifasia, alitoka na orodha. Alikuwa na miaka kumi na saba. Masista walikuwa wameandika kila kitu: shuka mbili, sahani moja, viatu vyeusi jozi moja, sabuni. Blanketi hapana, yapo kule kule. Wakati huo Eustakia alikwisha kununua blanketi la binti huyu, zito, la kahawia lenye mistari miwili myekundu pembeni, na kikapu kilikuwa kimefika katikati. Asubuhi ile alilibeba blanketi kichwani mpaka lilipokuwa gari la parokia, akasimama nalo, na hakuna aliyemwambia kitu. Gari likaondoka. Akarudi nalo nyumbani, akalitia kwenye sanduku la mbao la marehemu. Kila kiangazi, kwa miaka ishirini na minne, akalitoa, akalianika kwenye ua, akalikung'uta, akalirudisha. Majirani walimzoea. "Mama Desderius anaanika mahari ya Mungu," walisema, naye akacheka pamoja nao, kisha akaingia ndani na roho ikimuuma.

Sasa Bonifasia, ambaye tangu nadhiri zake hata mama yake humwita Sista, alikuwa mkunga wa miaka mingi, na shirika lilikuwa limempangia kwenda Gaboni. Miaka sita. Eustakia hakujua Gaboni iko upande gani wa dunia, lakini sabini na moja kujumlisha sita aliweza. Hesabu ile aliifanya mara moja tu, siku ya simu ya kwanza, na hakuirudia. Angemwendea nani kusema hataki? Kwa padre? Padre angempongeza. Kwa Mungu? Kwa Mungu alikwisha kukubali zamani, kanisani, mbele ya watu wote, akiwa amevaa kitenge kipya. Kilichobaki mikononi mwake ni kumfungia mtoto mzigo. Safari hii, kitu kimoja kutoka mikononi mwake kiende na mwanawe. Hicho tu ndicho alichokitaka.

Sista alifika Alhamisi, siku mbili za likizo kabla ya safari. Alishuka njia panda ya Benako, akapanda bodaboda na begi lake kubwa la bluu limelazwa mapajani. Watoto wa jirani wakapokea begi, wazee wakatoa "Tumsifu Yesu Kristo", akaitikia milele amina mpaka akachoka. Walipobaki wawili, akaketi kwenye kigoda cha jikoni kama alivyokuwa akiketi zamani, akavua viatu.

"Mama," akasema, "ndege inaruhusu kilo ishirini na tatu. Tumelipima begi kwenye zahanati yetu, lina kumi na saba kamili. Nimekuachia kilo sita."

"Kilo sita za nini, Sista?"

"Zako. Chochote unachotaka kunipa."

Eustakia aligeukia moto akachochea kuni ambazo hazikuhitaji kuchochewa. Katika maisha yake watu wengi walikuwa wamemwambia kilo ngapi wanataka kutoka kwake, lakini hakuna aliyewahi kumwachia nafasi. Alifurahi hadi akashindwa kuuliza hata kama mtoto amekula.

Kesho yake, baada ya chai, walitoa vitu vyote vya begi wakavitandaza kitandani. Eustakia alivishika kimoja kimoja. Gauni mbili nyeupe za pamba, mpya, nyepesi mno, ukizinyanyua kwenye mwanga unaona dirisha. Chandarua kilichokunjwa mpaka kikawa cha ukubwa wa mkate. Mwavuli. Kitabu cha ukunga, kinene, ambacho Sista alikuwa nacho tangu chuoni. Kandambili. Makopo ya poda.

"Hizi ndizo nguo?" akauliza. "Mbona ni kama za kulalia?"

"Ndizo zenyewe, mama. Kule ukivaa nguo nzito unalowa jasho kabla ya saa mbili asubuhi. Sista Akimana aliyekaa kule anasema nguo haikauki. Unafua Jumatatu, Jumatano bado mbichi."

"Basi kunanyesha."

"Kunanyesha sana."

"Kama kunanyesha, kuna baridi."

"Hapana, mama. Kunanyesha, na joto liko pale pale."

Hapo ndipo Eustakia aliposhindwa kabisa. Mvua kwake ni baridi, ni ukungu unaoshuka mpaka mlangoni, ni watu kukaa jikoni wamejifunika. Joto alilijua la Nyabusozi, alipokwenda kumwangalia bintiye alipojifungua, na hata Nyabusozi mvua ikinyesha watu wanavaa masweta. Nchi ambako mvua inanyesha na watu wanatoka jasho, aliona ni jambo ambalo watu wanalisema tu. Aliitikia kwa heshima, kama unavyomwitikia mgeni anayesimulia ndoto, kisha akafungua sanduku la mbao.

Akatoa blanketi.

Sista aliliangalia. Alilitambua, bila shaka. Mistari ile miwili myekundu alikuwa ameiona mara ya mwisho kutoka juu ya gari la parokia. Akalipapasa. Likanuka kiangazi na majani makavu ambayo mama yake huyaweka kuzuia wadudu.

"Mama, hili ni la sufi."

"Najua."

"Barua imesema..."

"Barua nimeisikia, Sista. Mara tatu."

Akaleta kikapu. Macho ya Eustakia si yale ya zamani. Michirizi myeusi aliyoiweka ubavuni ilipaswa kupanda moja kwa moja, na ilikuwa imepinda kushoto kama njia ya ng'ombe. Kifuniko kilichongoka vizuri, lakini kilikaa upande. Ndani mlijaa mbegu, kila aina katika kifuko chake cha kitambaa, maharage yakiwa mengi kuliko zote.

"Mbegu wanaweza kuzikatalia uwanja wa ndege," Sista akasema taratibu. "Na kikapu ni majani, mama. Kitaoza."

"Kioze kule."

"Mama, chagua kimoja. Zile kilo sita..."

"Dada zako waliotoka hapa hawakuchaguliwa kimoja," Eustakia akasema, na sauti yake ikakatika njiani. Aliona aibu. Alikuwa ameapa moyoni asilie mbele ya Sista, kwa sababu Sista angeondoka na kilio hicho, na hicho nacho ni mzigo. Akajishughulisha na kukunja blanketi. Akalikunja mara nne, akalikalia ili lipungue, mwanamke mzima wa miaka sabini amekaa juu ya blanketi kitandani, miguu haigusi chini, mpaka Sista akaangua kicheko, na mama naye akacheka, wakacheka wote wawili mpaka jirani akachungulia kuuliza kulikoni. Basi vyote vikaingia begini. Sista alilinyanyua, akalirudisha chini, akamtazama mama yake.

Kupima, hapa kwetu, ni kwa Gidioni. Gidioni hununua maharage barabarani, na mizani yake ni ile ya kuning'inia, yenye ndoano na sura kama ya saa, imefungwa kwenye boriti ya kibanda chake. Mizani hiyo inapunja. Hilo linajulikana na kila mtu kuanzia padre hadi mtoto wa darasa la pili. Ukipeleka gunia unalolijua, linarudi limekonda. Lakini mnunuzi mwingine akipita, mizani yake nayo inapunja, na ya mnadani inapunja, na yule aliyekuja mwaka juzi na mizani ya betri yenye namba nyekundu, yake ndiyo ilipunja kuliko zote. Utagombana na nani? Unapeleka, unatundika, unaangalia mshale, unashusha pumzi, unaondoka. Eustakia alikuwa amefanya hivyo miaka thelathini.

Na kwa miaka hiyo thelathini, neno moja lilikuwa limemkaa kichwani bila yeye kulichunguza: kwamba mizani zote ziko hivyo. Mwenye mizani ndiye mwenye kujipendelea, kilo za mwenye mali daima ni nyingi kuliko kilo anazosoma mwenye mizani, na ndivyo dunia ilivyowekwa. Kama Gidioni anapunja, watu wa ndege, wenye makoti na redio za mkononi, wasipunje kwa nini? Mizani yao itasema kama ya Gidioni, pengine chini zaidi. Kwa hiyo alipolitazama begi limevimba hivyo hakuogopa. Alijiona, kwa mara ya kwanza, yuko upande wa mshale.

Aliyelibeba begi mpaka kwa Gidioni ni Desderius, mwanawe wa kwanza, ambaye ndiye angemsindikiza dada yake mpaka Mwanza. Alipolitundika, boriti ililia.

"Kiro ishirini na tatu," Gidioni akasoma, akiinama mbele ya sura ya mizani kwa adabu kubwa, kwa kuwa kulikuwa na Sista. "Sawasawa kabisa. Utafikiri mlipima kwanza."

"Kamili?" Sista akauliza, na akageuka kumtazama mama yake.

"Mama," Desderius akasema, "lakini hii mizani si unajua..."

Eustakia akamkata kwa jicho. Ni jicho ambalo watoto wake wote watano wanalijua, na Desderius, mwenye wajukuu wawili, alifunga mdomo kama mtoto. Gidioni naye akaanza ghafla kuyapanga magunia yake. Ishirini na tatu. Eustakia alirudi nyumbani akitembea mbele ya wote, mwepesi, na njiani aliwasalimia hata watu ambao hasemezani nao.

Jumamosi alfajiri alimsindikiza mpaka barabarani. Kulikuwa na ukungu na manyunyu, na Sista alikuwa amevaa sweta lake la kijivu ambalo angemwachia Desderius huko Mwanza. Basi lilipoonekana, Eustakia alitaka kusema kitu cha kiroho, kama inavyompasa mama wa sista. Hakikuja. Alimshika mkono tu, akamwita kwa jina ambalo hakulitumia miaka mingi, "Bonifasia, mwana wanje," yaani mwanangu, kwa Kihangaza chao cha nyumbani, na konda akapiga ubavu wa basi kwa kiganja.

Simu ilikuja siku ile ile, jua likielekea kushuka. Ilikuwa sauti ya Sista, na nyuma yake mwanamke wa kwenye spika alikuwa akitangaza mambo.

"Mama, nimeshapimisha, naingia ndani sasa. Ubaki salama. Kunywa vidonge vyako."

"Begi wamelikubali?"

"Wamelikubali, mama."

Eustakia alimshukuru Mungu kwa sauti, na akawaambia majirani: mnaona? Ishirini na tatu. Kikapu changu kiko angani.

Desderius alirudi Jumapili mchana, begani ana lile sweta la kijivu, mkononi ana mfuko mkubwa wa plastiki. Aliamkia, akaitikiwa marahaba, akauweka mfuko kwenye mkeka, akaomba maji. Eustakia aliuangalia mfuko. Moyo wake ukamwambia kikapu kimerudi, akasema moyoni, haya, nilijua. Akaufungua.

Zilikuwemo gauni mbili nyeupe za pamba. Chandarua. Mwavuli. Kitabu cha ukunga.

"Hivi ni nini?"

"Begi lilikuwa na kilo ishirini na saba, mama," Desderius akasema, akitazama kikombe. "Dada wa mizani akasema zitoke nne. Watu nyuma yetu kwenye foleni wananung'unika. Tukachuchumaa pale chini, nikatoa blanketi. Sista akalirudisha. Nikamwambia, Sista, kule kuna joto, hili la nini? Nikalitoa tena. Akalishika namna hii kwa mikono miwili, akalirudisha. Halafu akaanza kutoa vya kwake."

"Na kikapu?"

"Kikapu nacho kimeingia. Hakukigusa."

"Alilia?"

"Hapana. Aliniambia tu nisikwambie. Nimekwambia kwa sababu mfuko ningeuficha wapi?"

Eustakia alikishika chandarua. Alijua mbu ni nini, hata yeye. Mjukuu wake wa Nyabusozi alilazwa kwa malaria wiki mbili. Alijua pia Sista hakuwa na gauni nyingine ila ile aliyovaa na moja ya zamani. Nchi ambayo nguo haikauki, unafua Jumatatu, Jumatano bado mbichi. Sasa ndipo alipoiona ile nchi, sasa ilipokuwa haina faida: mvua inanyesha, joto liko pale pale, na mwanawe amelala bila chandarua, amevaa gauni mbichi, miguuni pake blanketi la sufi linaota ukungu. Na alikuwa amelitaka liende. Alikuwa amelikalia ili litoshe.

"Vitumwe," akasema. "Posta ya Ngara wanatuma."

"Mpaka Gaboni, mama? Nani anajua anuani?"

Hakuna aliyeijua. Simu ya Sista haikupatikana siku ile wala ya pili. Laini yake ilikuwa ya huku, na ya kule bado hajapata.

Jumatatu asubuhi Eustakia alijitwika ule mfuko akaenda nao kwa Gidioni. Watu wawili waliokuwa na maharage yao wakampisha. Akautundika kwenye ndoano mwenyewe.

Gidioni akainama kusoma. "Kiro tatu na nusu, mama."

"Sema kweli, Gidioni."

Gidioni alimtazama, akawatazama wale wenye maharage, akauangalia mfuko wenye nguo nyeupe zinazoonekana kwa ndani. Alijikuna shingo muda mrefu.

"Nne," akasema kwa sauti ndogo. "Nne na kidogo."

Wale wawili walisikia, na hakuna aliyecheka wala kugomba. Eustakia aliushusha mfuko. Kwa miaka thelathini mizani ile ilikuwa imemla maharage yake, na kila mara alikwenda nyumbani akimlaumu Gidioni, na kulaumu kulimsaidia kulala. Safari hii imemla chandarua cha mwanawe, na aliyemfunga Desderius mdomo ni yeye. Hapakuwa na wa kumlaumu hata mmoja.

Nyumbani alizikunja zile gauni, akaweka chandarua juu yake, na kitabu, na mwavuli pembeni. Sanduku la mbao lilikuwa tupu kwa mara ya kwanza tangu Telesfori alipolitengeneza. Akavipanga ndani, pale pale lilipokuwa blanketi, akatia na yale majani makavu. Kisha akakumbuka kwamba kiangazi kijacho itabidi vitolewe vianikwe, na kingine, na kingine, akaanza kuhesabu, akafika cha tatu, akaacha.